Loveland na watoto: theluji, foleni na vifaa

Dada, kwa kuwa mnatoka Aurora na watoto hawajawahi kuvaa skii (mbao za kuteleza kwenye theluji), nendeni Loveland, uwanja wa skii milimani Colorado, upande unaoitwa Valley wanakofundishiwa wanaoanza. Ila Jumamosi jamani hapana, kama unaweza kupata siku ya katikati ya wiki. I-70, barabara kuu ya kwenda huko, huwa na foleni Jumamosi asubuhi kwa wanaopanda milimani, na Jumapili mchana kwa wanaorudi Denver. Angalia pia matairi, maana sheria ya theluji kwenye barabara ile ni kali.

Vifaa kodisha, usinunue mwaka huu. Watoto wanakua haraka mno. Chukua muda wa kutosha kumpimisha buti. Mtoto akisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Akikunja magoti, virudi nyuma. Soksi iwe moja tu, ndefu, ya sufu. Ukimvika mbili zitajikunja ndani na kumuumiza muundi, atalia kabla ya saa sita. Jinzi zinalowa, ziacheni nyumbani.

Aprili theluji hulainika mchana, kwa hiyo anzeni mapema. Na wapakeni krimu ya jua hata kukiwa na mawingu, maana jua la juu milimani huchoma zaidi: pale chini ya mlima tu ni zaidi ya mita 3,200 kutoka usawa wa bahari. Wanywe maji mengi.