Jibu: ThinkPad T430, niiongezee nguvu au ninunue nyingine?

Ndugu, umesema laptop yako ya T430 ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na bado inatumia HDD (diski ya zamani inayozunguka), na kuwaka tu ni dakika nne. Usiitupe kwanza. Kinachokutesa zaidi ni hiyo diski. Weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, utaona tofauti siku hiyohiyo. Yangu ilikuwa hivyohivyo na nilikaribia kuigawa.

RAM inafuata: chukua ya DDR3, aina inayoingia kwenye T430, ufikishe GB 8. Ila kumbuka, mashine za sasa hazipokei DDR3, kwa hiyo hela hiyo haitahama nawe. SSD itahama, hata ukibadilisha mashine, utaitia kwenye kasha la USB.

Swali kubwa ni Windows. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yako ni ya tatu. Kama kazi zako ni kuandika na intaneti, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Kama programu ya kazini inalazimisha Windows, usiweke hata shilingi humo. Tafuta ThinkPad T480 iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha 8, na ukague betri kabla hujalipa.