Wageni London wanaotaka kuona wanyama

Ndugu, umeuliza uwapeleke wapi wageni waliochoka majengo na hawataki bustani ya wanyama ya kulipia. Waamshe mapema, mwende Richmond Park, bustani kubwa ya wazi London. Kuna kulungu zaidi ya 600 wanaojitembelea. Mababu zao waliletwa enzi za mfalme Charles I, aliyeizungushia bustani hiyo ukuta mwaka 1637. Kaeni mbali angalau mita 50, hasa Septemba na Oktoba madume wanapogombania majike. Hapo hawana utani kabisa! Kuwalisha ni marufuku, hata kwa ajili ya picha.

Mchana pitieni St James's Park muone wari (pelican), ndege ambao wa kwanza wao balozi wa Urusi aliwatoa zawadi mwaka 1664. Buckingham Palace iko pembeni tu, kwa hiyo wapenda majumba nao hawatanuna.