Maswali ya Wasomaji: Kuku, Sufuria na Jirani

Swali: Nimepanga Mwanga, Kigoma, nyumba moja na familia ya Kiislamu. Krismasi nilichinja kuku mwenyewe nikawakaribisha, wakaishia soda na maandazi. Wenzangu kanisani wanasema Waislamu wanatuona najisi. Pasaka nifanyeje?
*Mama, Mwanga*

Jibu: Aliyekataliwa ni kuku, mama. Aya ya 5 ya Suratul Maida inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na masheikh wamejadiliana sana mpaka wake, ila mtaani kwetu mazoea ni Mwislamu achinje. Usiipeleke aya hiyo mezani.

Mwite jirani kabla hujabandika maji. Mpe kisu kikali, maana butu humtesa kuku na mkono hurudiarudia. Atataja jina la Mwenyezi Mungu, atakata koromeo, umio na mishipa ya damu ya shingo, kichwa akiache kimeshika. Wengi humwelekeza kuku kibla: kwa Kigoma ni kaskazini, kwa kupinda mashariki kidogo, ziwa likibaki mkono wa kushoto. Panapoharibika ni kwenye haraka ya kunyonyoa. Kuku bado anapapatika, mtu keshamtosa kwenye maji ya moto. Akifia humo ni kibudu, na mchinjaji hatamgusa. Subiri atulie kabisa.

Kisha sufuria. Kama imewahi kupika kitimoto, yaani nguruwe, sabuni haitoshi. Waislamu wengi wa hapa ni Shafii, na kwao chombo hicho huoshwa mara 7, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Rahisi zaidi, azima sufuria na mwiko kwake huyo huyo jirani. Angalia na mafuta ya kukaangia. Watu husahau kwamba yalishakaanga kitu kingine. Ukizidiwa na shughuli, pika migebuka. Samaki hachinjwi.

Swali: Nina vyumba vya kupangisha Ujiji, jiko ni la pamoja. Mke wangu anaogopa Wakristo, kwamba lazima watapika nguruwe. Niweke sharti la dini?
*Mzee, Ujiji*

Jibu: Hapana, mzee wetu. Sharti hilo lingemfukuza Msabato, na mkoa huu wapo. Kwa kufuata Walawi 11 Msabato hali nguruwe, wala samaki asiye na mapezi na magamba, kwa hiyo kambare wako wa Jumapili ndiye atakayemkimbiza yeye jikoni! Taja kitu chenyewe kwenye mkataba: nguruwe hapikwi katika jiko la pamoja, na kila mpangaji ana vyombo vyake. Mwambie kabla hajalipa kodi. Akishahamia ndipo aambiwe, ataona umemlenga dini yake, na hatakuwa amekosea sana.

Swali: Kwa nini Waislamu wanazika upesi hivyo, kama hawana uchungu na marehemu?
*Kijana, Gungu*

Jibu: Kwao kumharakisha ni sehemu ya kumheshimu. Wakristo wengi husubiri ndugu walio mbali, ndiyo maana unaona tofauti. Ukisikia msiba asubuhi, nenda saa hiyo hiyo. Ukingoja utoke kazini utakuta kaburi limeshafukiwa. Wanaume hufuata jeneza makaburini. Wanawake kwa kawaida hubaki nyumbani, basi mama yako ajitande khanga kichwani akakae nao. Rambirambi mpeni anayeandika daftari.