Mkaa wa vifuu vya nazi umeshindwa na floraidi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi upande wa Usa River, Arusha. Nimenunua chujio la mkaa wa vifuu vya nazi. Harufu ya klorini imekwisha na maji yananyweka, ila maabara wameniambia floraidi, ile inayoharibu meno ikizidi, ni miligramu 4.1 kwa lita kabla ya kuchuja na 4.0 baada ya kuchuja. Muuzaji alisema vitundu vya mkaa huo ni vidogo hata uchafu gani haupiti. Nimeuziwa mkaa feki? Nikiusaga laini zaidi utafanya kazi?

Jibu: Mkaa wako ni mzima, maelezo ya muuzaji ndiyo mabovu. Amekueleza mkaa kana kwamba ni chekeche. Vitundu vya mkaa ulioamilishwa, yaani uliotayarishwa uwe na vitundu vingi kama huo wako, vingi vina upana usiozidi nanomita 2 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), na ayoni ya floraidi, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, ni ndogo zaidi ya hapo. Inaingia, inazunguka, inatoka.

Kinachonasa ni kuta za vitundu, si upana wake. Wanakemia huita adsopsheni: molekuli kunata juu ya uso wa kitu kigumu bila kuzama ndani yake. Gramu moja ya mkaa mzuri ina kuta zenye jumla ya mita za mraba 1,000 hivi, kwa hiyo kijiko cha mezani kina uso unaokaribia uwanja wa mpira. Lakini uwanja mkubwa si hoja kama mgeni hana sababu ya kukaa.

Ukuta wa kaboni hupenda molekuli zenye asili ya mafuta, hasa zile bapa zenye umbo la pete, kama za rangi na za viuatilifu vingi. Zinajilaza juu yake kama chapati kwenye kikaango. Kitundu kikiwa chembamba, kuta za pande zote mbili huivuta molekuli, ndiyo maana inashikwa barabara. (Klorini ni habari nyingine: mkaa huivunja ikawa kloraidi, isiyo na harufu.) Floraidi ina chaji hasi, na molekuli za maji zimeizingira na kuikumbatia. Ili inate ukutani ingebidi ivue vazi hilo, na kaboni haina cha kuipa badala yake.

Jaribu mwenyewe: koroga chumvi na matone machache ya rangi ya chakula kwenye glasi ya maji, upitishe polepole kwenye mkaa mpya. Rangi itafifia. Onja: chumvi ipo palepale.

Kusaga kunafupisha tu safari ya molekuli kufika ndani. Tabia ya ukuta haibadiliki, na chujio litaziba.

Unachohitaji ni mkaa wa mifupa. Huo sehemu kubwa si kaboni bali madini ya kalsiamu na fosfeti, yenye ayoni za haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoungana). Floraidi inakaribiana nazo kwa ukubwa na ina chaji ileile, basi inachukua nafasi yao. Meno yetu yametengenezwa kwa madini ya jamii hiyohiyo. Unatumia kwenye chujio mvuto uleule unaoifanya floraidi inase kwenye meno, na ikizidi ndiyo inayowapa watoto wa huko meno ya kahawia.

Uchomaji ndio wenye kazi. Joto la nyuzi za Selsiasi 400 hadi 500 hivi, hewa kidogo. Mimi tanuri langu la kwanza liliingiza hewa nikatoa mifupa myeupe kama chokaa: vitundu vimefungana, floraidi haikushikika. Ikiiva kidogo nayo, maji yatanuka mfupa. Kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji, jirani yako, kimeshughulika na mkaa huu miaka mingi. Anzia huko kabla ya kuchoma wa kwako.

Nafasi za ukutani zina idadi. Irving Langmuir, mshindi wa Nobel ya kemia mwaka 1932, alizifikiria kama viti: kila kimoja molekuli moja, vikijaa wengine wanapita. Chujio lililojaa halibadilishi ladha wala rangi ya maji, kwa hiyo ni kipimo tu kitakachokuambia. Pima kila mwezi mwanzoni, na floraidi ikivuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, badilisha mkaa. Usichemshe maji ukitegemea nafuu, maana mvuke unaondoka na floraidi inabaki kwenye sufuria. Na kama maharage yako huyalainisha kwa magadi, punguza. Magadi nayo mara nyingi huja na floraidi yake.