Mahali pa Kusomea Katika Chumba na Sebule: Ushauri kwa Wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Familia nyingi za Mbeya mjini, yetu ikiwamo, huishi katika chumba na sebule, na katika nafasi hiyo ndogo wageni hupokelewa, nguo hupigwa pasi, chakula hupikwa mvua inapozidi, na watoto hutarajiwa kumaliza kazi za shule. Wazazi wenzangu wanaponiuliza namna ya kumtengea mtoto mahali pa kujifunzia nyumbani, wengi huongeza papo hapo kwamba watalifanya jambo hilo siku watakapohamia kwenye nyumba yenye vyumba vya kutosha. Nawasihi wasisubiri siku hiyo. Ukuta wa mita moja na nusu unatosha, mradi uwe na mwanga, mtoto asitetemeke kwa baridi anaposhika penseli, na kila mtu wa nyumba ile ajue saa ambayo mahali hapo ni pa masomo.

Nazungumzia masomo ya nyumbani yanayokwenda sambamba na shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe katika shule ya msingi mtoto aliyetimiza miaka saba na kuhakikisha kwamba anahudhuria, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, siku ya mtoto haiishii shuleni. Kuna jioni, kuna Jumamosi, kuna likizo ndefu za katikati na mwisho wa mwaka, na kuna wadogo ambao bado hawajafikia umri wa darasa la kwanza lakini wanamwonea wivu kaka yao anayeandika. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na wanafunzi wengi wasirudi hadi mwishoni mwa Juni, nyumba zilizokuwa na mahali palipozoeleka pa kusomea zilipata unafuu mkubwa, kwa kuwa mtoto alijua aketi wapi na achukue nini hata kabla ya kuambiwa.

Likizo zetu huangukia katika vipindi viwili vigumu vya hali ya hewa ya huku, na kwa hiyo mahali pa kusomea hapana budi kupangwa kwa kuvifikiria vyote viwili. Juni ni mwezi wa baridi kali, kwani jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wenzetu wa Makete na Njombe huamka wakakuta sakitu nyeupe juu ya majani. Desemba nayo ni ya mvua, na nyumba ya mabati isiyo na dari hujaa mshindo ambao hauruhusu watu wawili waliokaa meza moja kusikilizana. Ushauri wa kumkalisha mtoto barazani penye upepo unawafaa watu wa Pwani, lakini ukiufuata Uyole, hapa Mbeya, mwezi Juni mtoto atapata mafua kabla ya kumaliza ukurasa.

Anza kwa kuchagua ukuta, na uchague wa ndani, yaani ule unaotenganisha chumba na sebule, kwa sababu kuta za nje za matofali ya kuchoma hubaki na ubaridi hadi mchana na wakati wa masika huvuta unyevu unaoleta ukungu kwenye madaftari. Kisha tazama dirisha. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia akae dirisha likiwa kushotoni kwake ili kivuli cha mkono kisifunike mstari anaouandika, na anayetumia mkono wa kushoto apangwe kinyume chake. Ukiweza kuchagua kati ya madirisha mawili, chagua linalotazama kaskazini, ambako kwa watu wa Mbeya mjini ni upande wa mlima Loleza, maana miezi ya Juni na Julai jua la huku kwetu hupita upande huo na dirisha hilo hupata joto kwa saa nyingi.

Kuhusu baridi nitasema neno moja kwa uzito wote nilio nao. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili watoto wapate joto la kusomea. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu na huweza kuua watu wakiwa usingizini bila hata mmoja kushtuka. Joto la mtoto anayesoma hupatikana kwa njia nyingine zilizo salama: tandika mkeka na juu yake kipande cha blanketi kuukuu chini ya meza, kwa sababu sakafu ya saruji ndiyo inayoanza kumgandisha miguu, mvike soksi na sweta, na uhamishe saa ya masomo. Wakati wa likizo ya Juni sisi husoma kuanzia saa nne asubuhi baada ya uji, jua likiwa limekwisha kuingia, na hatulazimishi alfajiri hata kidogo.

Sasa meza, ambayo nadhani ndiyo sehemu inayostahili fedha nyingi kuliko nyingine zote. Mazoea ya kumwachia mtoto meza fupi ya sebuleni, akiwa amekaa kwenye kochi na kujikunja hadi paji la uso likaribie daftari, humchosha mgongo na kumfanya aichukie kazi ambayo angeweza kuipenda. Mtoto mwenye kimo cha sentimita 110 hadi 120 hufaa kupata kiti chenye kimo cha sentimita 31 hivi na meza ya sentimita 53, na yule wa sentimita 120 hadi 140 hufaa kiti cha 35 na meza ya 59. Kama huna futi kamba, tumia kipimo cha mwili wenyewe: nyayo zote mbili zikanyage chini, na viwiko vifike usawa wa meza bila mabega kupanda. Kwa watoto wawili wa vimo tofauti tengeneza meza moja kwa kimo cha mkubwa, kisha mdogo umpe kigoda cha sentimita 37 pamoja na kibao cha kukanyagia chenye unene wa sentimita 6, na wote wawili watakuwa wameketi vizuri kwa gharama ya vipande viwili vya mbao.

Katika hili watu wa nyanda za juu tuna bahati, kwa sababu msitu wa Sao Hill ulioko Mufindi hutuletea mbao za paini ambazo hazijasafiri mbali. Mwombe fundi seremala ubao wenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50, uliounganishwa kwa vipande viwili au vitatu na kupigwa randa vizuri, kisha aufunge ukutani kwa bawaba ili ukunjwe baada ya masomo na sebule irudi kuwa sebule. Kabla ya kulipa, ziinue mbao mwenyewe. Paini mbichi huwa nzito na yenye ubaridi mkononi, na ikikaukia nyumbani kwako hujipinda hadi meza ikawa na bonde. Ulizia mbao zilizokauka na zilizotiwa dawa ya mchwa, maana mchwa wa huku huipenda paini isiyo na dawa. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Akikataliwa, ubao uleule unaweza kulazwa juu ya miguu miwili ya mbao inayokunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango usiku.

Ubao wa kuandikia hauna haja ya kununuliwa. Kipande cha plaiwudi kinachobaki kwa fundi kinapigwa msasa laini, kinapakwa rangi nyeusi isiyong'aa mara mbili kikikauka katikati, na kabla ya matumizi ya kwanza kinasuguliwa chaki iliyolazwa ubavu hadi chote kiwe cheupe, kisha kinafutwa. Hatua hiyo ya mwisho huzuia herufi za kwanza kuacha alama ya kudumu. Futa kila mara kwa kitambaa chenye unyevu, hasa nyumba ikiwa ndogo, ili vumbi la chaki lisiishie kwenye vitanda.

Kuhusu mwanga wa usiku, balbu moja ya LED ya wati 9 inatosha ikishushwa kwa waya hadi karibu na meza, badala ya kuachwa juu ya kenchi. Umeme ukikatika, taa ndogo ya sola iliyoshinda dirishani ni bora mara nyingi kuliko kibatari, ambacho moshi wake huumiza macho na kifua, na ambacho hakipaswi kamwe kukaa karibu na pazia.

Pazia lenyewe ni kitenge kilichopitishwa kwenye kamba, na kazi yake ni kumkinga mtoto asimwone kila anayeingia. Sauti halizuii, na kwa hiyo redio na televisheni hazina budi kuzimwa kwa muda mliokubaliana. Mvua kubwa ikianza kupiga mabati, acheni kusoma kwa sauti na kufundishana, mgeukie kazi za kimya kama hati, kuchora ramani, au hesabu zilizokwisha kuelezwa.

Vifaa navyo visikutishe. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania hupatikana bure katika maktaba yake ya mtandaoni, na mzazi mwenye simu anaweza kukisoma kitabu cha darasa la mtoto wake jioni moja kabla, akajua kesho atamwelekeza nini. Maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ikiwamo ya hapa Mbeya na ya Iringa, hazijai watoto kama zinavyostahili kujaa. Kwa wale wa darasa la kwanza na la pili, ambao kazi yao kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu, sijaona kifaa kinachoshinda trei ya mayai. Trei moja ina nafasi 30 katika mistari mitano ya nafasi sita. Ukiikata vipande vitatu vya nafasi kumikumi na kumpa mtoto maharage, ataona kwa macho yake kwamba 8 na 5 hujaza kipande kimoja na kubakiza 3. Mtoto aliyekuwa akihesabu kwa vidole huanza kuielewa kumi ndani ya siku chache, na furaha inayomjaa usoni ni malipo tosha kwa mzazi yeyote.

Kwa kutunzia vitu nazipenda bakuli na vikapu vya milulu, aina ya nyasi, vinavyosukwa na akina mama wa Iringa, kwa sababu ni vyepesi, hupitisha hewa na hudumu miaka. Kimoja kiwe cha penseli, rula na vifutio, kingine cha vifaa vya hesabu, na madaftari yakae kwenye rafu iliyo juu ya sakafu na iliyoachana kidogo na ukuta. Chati za kununua zenye rangi nyingi sizishauri sana. Karatasi ya manila ambayo mtoto mwenyewe ameandika silabi au jedwali la kuzidisha, ikabadilishwa akishaijua, humfundisha zaidi.

Liko jambo lisilogharimu chochote ambalo huwa naliona likipuuzwa hata katika nyumba zenye meza nzuri. Saa ya masomo ikifika, msichana huitwa jikoni kumenya viazi na kaka yake huachwa akiandika. Nawaomba wazazi, na hasa mama zangu na dada zangu, saa hiyo iwe ya wote. Vyombo visubiri. Na kama mnaishi na dada wa kazi ambaye hakumaliza shule, ana nafasi katika meza hiyo pia, kwa kuwa ubao wa sentimita 120 unawatosha watatu wakibanana kidogo.

Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, pima upya vimo vya watoto, sogeza bawaba juu kwa urefu unaohitajika, kaza misumari iliyolegea, na upake ubao wa kuandikia rangi upya. Kile kibao cha kukanyagia kikiwa hakihitajiki tena, kigoda kikatwe miguu kidogo kimfae mdogo anayefuata, au kipelekwe kwa jirani mwenye mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka huo.