Kadi ya memori baada ya umeme kukatika

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni kwetu tuna kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi 4, ambayo wanafunzi huitumia kusoma Wikipedia bila intaneti. Juzi umeme ulikatika mara tatu ndani ya saa moja, na tangu hapo haiwaki: taa nyekundu ipo, ya kijani inapepesa kidogo kisha inazimika. Nilipoichomeka kadi yake kwenye kompyuta yenye Windows, niliulizwa kama nataka kuifomati. Je, nikubali? Ndani yake mna alama za wanafunzi za mwaka mzima, na sina nakala nyingine.
Mwalimu, Korogwe

JIBU: Mwalimu, usikubali, hata ukiulizwa mara kumi. Kadi hiyo ina sehemu mbili: ya kwanza, iliyo ndogo, imepangwa kwa mfumo wa faili uitwao FAT32 na hubeba faili za kuwashia, ya pili, yenye mfumo wenyewe na alama zako, imepangwa kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux ambao Windows haiusomi na kwa hiyo huidhania tupu. Hata kadi isiyo na kasoro yoyote ingekuletea swali hilohilo.

Azima kompyuta yenye Linux, chomeka kadi, fungua dirisha la kuandikia amri (terminal), kisha andika lsblk uone imepewa jina gani. Tuseme ni sdb. Linganisha ukubwa unaoonyeshwa na ulioandikwa juu ya kadi, maana ukikosea herufi moja utaiharibu diski ya mwenye kompyuta. Kabla ya kurekebisha chochote, toa nakala ya kadi nzima, kwa kuwa programu za kurekebisha hufuta na kuandika upya, na kosa lake halirudishiki:

sudo ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map

Nakala hiyo (kadi.img) iandike kwenye kadi mpya isiyo ndogo kuliko ya zamani, ukiwa umeichomoa ya zamani na kuhakiki tena jina kwa lsblk (tuseme nayo ni sdb), na urekebishe hiyo mpya. Linux ikizifungua sehemu zake yenyewe, zifunge kwanza kwa umount, kisha:

sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1
sudo e2fsck -f -y /dev/sdb2

Amri ya pili ikilalamika kwamba superblock (sehemu yenye maelezo makuu ya mfumo wa faili) haisomeki, irudie ukiongeza -b 32768, ambako kwa kawaida kuna nakala ya akiba. Faili zilizopoteza majina utazikuta katika folda ya lost+found, zikiitwa kwa namba kama #131074; zifungue moja moja, huenda alama zako zimo humo.

Kadi ya zamani, kwa maoni yangu, usiihurumie. Kadi zilizochoka zina tabia ya kupokea maandishi bila kulalamika na kutohifadhi chochote, kiasi kwamba ukiirekebisha leo, kesho makosa yaleyale yanarudi.

Kuhusu umeme, kompyuta yako inahitaji chaja ya volti 5.1 na ampea 3, na chaja ya simu mara nyingi haifiki hapo. Iwekee UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika), na jioni uizime kwa sudo poweroff, usichomoe waya hadi taa ya kijani itulie.