Kijana wa Nachingwea, Usianze na Mashine

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nachingwea aliniandikia: "Kaka, nimepata laki sita kwenye korosho za marehemu baba. Nataka kufanya kazi ya kukata na kupogoa miti kama wewe. Ninunue mashine gani?" Ujumbe ule niliusoma mara nne na siku hiyo nilishindwa kuujibu. Najua wengi mnaonisoma hapa mnawaza kama yeye, mnatamani kazi yenu wenyewe, simu iite, mtu aseme "njoo fundi." Kwa hiyo jibu lake nawapa nyote.

Mwaka 2019 nilikuwa kama yeye kabisa. Aprili ile redio zilitangaza kuwa Kimbunga Kenneth kinakuja kwetu. Mtwara tulishikwa na hofu, watu wakahama mabondeni. Tarehe 25 kikapita kusini yetu na kuingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Tukanusurika, lakini hofu haikuondoka na upepo. Wazee wenye asili ya Lindi walisimulia upya kimbunga cha mwaka 1952, na kila mwenye mwembe karibu na dirisha akaanza kuutazama kwa jicho jingine.

Mimi nilikuwa mkwezi. Nimekulia kwenye minazi ya Mikindani nikimfuata mjomba wangu, na kupanda kwangu ilikuwa kama kutembea. Nilikuwa na akiba ya laki tano. Nikanunua msumeno wa mnyororo wa Kichina kwa laki nne na nusu, na hela iliyobaki ikaenda kwenye petroli, oili na kamba kuukuu ya manila niliyoipata kwa wavuvi. Nilijiona nimeshakuwa mtu mwenye kampuni.

Kazi sita za mwanzo zilikwenda vizuri. Ya saba ilikuwa Magomeni, hii ya hapa Mtwara.

Ulikuwa mwembe wa boribo, mkubwa, na tawi moja nene kama paja la mtu mzima lilikuwa limevuka ukuta na kulala juu ya nyumba ya jirani. Nyumba mpya, bati za msauzi rangi ya damu ya mzee. Mwenye mti akaniuliza bei. Nikainua macho juu, nikasema elfu themanini. Sikuuzunguka ule mti. Sikuomba kuingia kwa jirani nilitazame tawi kutoka upande wake. Sikukadiria hata kwa hatua urefu wa tawi baada ya kuvuka ukuta.

Nikapanda. Kamba nikaifunga karibu na pale ninapokatia, wapwa zangu wawili wakaishika chini, nikaanza kukata kutoka juu. Mwembe wakati wa masika umeshiba maji, tawi lake ni zito kuliko macho yanavyokwambia. Mashine haijafika nusu, tawi likapasuka kwa urefu, likachana gome mpaka kwenye shina, ncha ikatangulia chini. Kamba ikawaburura wapwa zangu hadi ukutani, mmoja ikamchuna viganja vyote viwili. Bati saba zikaharibika, na kenchi moja. Katika chumba kilichokuwa chini ya bati zile kulikuwa na kitanda cha mtoto wa miezi minane. Mama yake alikuwa amemtoa kwenda kumnyonyesha barazani dakika chache kabla.

Nilikaa juu ya mti bila kushuka kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Nilichosikia ni yule mama akiita jina la mtoto wake huku amempakata.

Bati saba kwa elfu thelathini na nane ni 266,000. Mbao na misumari 54,000. Fundi 90,000. Jumla 410,000, kwa kazi ya elfu themanini. Niliuza mashine na baiskeli, na bado nikakopa kwa shemeji. Mwenye mti nilimwomba anilipe hata nusu ya ujira wangu ili nimpeleke mpwa wangu hospitali. Akanijibu: "Nilikukodi ukate mti, sikukukodi uvunje nyumba." Alikuwa na haki ya kukasirika, hilo nalikubali. Lakini kwa miaka miwili mtu yule alinitangaza kila baraza kuwa ni mharibifu, hata baada ya mimi kumaliza deni la jirani yake mpaka shilingi ya mwisho. Jirani mwenyewe alinisamehe akanipa chai. Yule mwingine nikikutana naye hadi leo kifua kinanibana.

Sasa sikiliza, kijana wangu. Kazi hii hesabu yake inapigwa ukiwa chini. Kabla hujataja bei, zunguka mti mara mbili, kisha ingia kwa jirani uutazame kutoka kwake. Usiangalie mti peke yake, angalia kilicho chini yake. Mwembe uleule ukiwa shambani Naliendele naukata kwa elfu sitini, unaanguka unapotaka. Ukiwa katikati ya nyumba tatu Chikongola nataja laki tatu bila kuona haya, kwa sababu kila tawi litashuka kwa kamba, kipande kwa kipande, na hapo bado kirikuu ya kubeba taka, trip tatu au nne. Mteja anafikiri anakulipa kwa kukata. Kukata ni saa moja. Kushusha na kubeba ni siku nzima.

Na tawi zito usilikate kutoka juu kama nilivyofanya mimi. Anza chini yake, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, mkato uingie theluthi ya unene. Kisha kata juu, mbele kidogo ya ule mkato wa chini, kuelekea ncha ya tawi. Litakatika bila kuchana gome. Kisiki kilichobaki kimalizie karibu na shina lakini uuache ule uvimbe ambapo tawi linatokea, maana hapo ndipo mti unapofungia kidonda chake. Kamba ipite kwenye tawi imara la juu kabla ya kushuka kwa wasaidizi, na izungushwe kwenye shina ili uzito ubebwe na mti badala ya mikono ya watoto wa dada yako. Haya nilifundishwa baadaye na fundi mmoja mzee nikiwa kibarua wake mwaka mzima, wakati sina mashine wala jina.

Ndiyo maana nakwambia laki sita yako usiipeleke kwenye mashine. Nunua kamba mbili nzuri, mkanda wa usalama wa mwili mzima, helmeti, buti, glovu, na msumeno mkali wa mkono wa kupogolea. Mashine kodi pamoja na mwenyewe, kwa siku. Mimi mashine yangu ya pili, Stihl, niliinunua baada ya kazi thelathini na kitu, na kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuchanganya oili na petroli vizuri, moja kwa hamsini, na kunoa mnyororo kwa tupa kila asubuhi, mpaka leo inafanya kazi. Mambo ya TIN (namba ya mlipa kodi), BRELA (usajili wa jina la biashara) na leseni ya halmashauri nenda ofisini kwao watakueleza, siyarudii hapa. Kibali cha kuangusha mti anzia serikali ya mtaa. Ukiona waya wa umeme umegusana na matawi, usipande hata kama mteja anaongeza dau. Nenda TANESCO waje wazime kwanza.

Kuna mti mmoja ambao sipandi kabisa: mnazi uliokufa. Mjomba alikuwa akifika kwenye mnazi anaugonga kwa mgongo wa panga kutoka chini hadi mkono unapofika, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango. Ukitoa mlio wa ngoma, anaondoka. Chonga, wale mbawakawa wenye pembe, wakishaula moyo wa mnazi, kule juu panaoza wakati shina bado linaonekana zima, na mkwezi anaishika ile ncha kwa mikono yote miwili. Mjomba alikwea tangu ujana mpaka uzeeni na akafa kitandani mwake. Kwa mkwezi hilo si jambo dogo.

Wewe uko Nachingwea, kwa hiyo riziki yako kubwa itakuwa mikorosho. Hapo zingatia majira. Pogoa baada ya mavuno, kuanzia Januari, mkulima akiwa bado ana hela ya minada na mti haujaanza kuchipua. Ukiingia shambani kwa mtu mwezi wa saba maua yametoka, unamkatia hela yake, na yeye mwenyewe hana ya kukulipa, yote imeshaishia shambani. Toa matawi yaliyokufa, yanayolala chini na yanayosongamana katikati, mwanga na hewa vipite, kwa sababu ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unapenda penye kivuli na unyevu. Mkulima ataona huruma na mti wake. Mwelekeze taratibu, kata mmoja auone, subiri msimu. Wateja wangu wa Nanyamba wote walianza na mti mmoja. Na ukikuta viota vya majimoto, wale chungu wekundu wa mtini, vumilia kung'atwa, usivichome moto. Wale wanafukuza mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi. Niliwahi kuchoma viota vitatu nikidhani namfurahisha mzee wa watu, akanisimamisha kazi palepale, na nilistahili.

Vijana, naona mnavyotazama picha zangu nikiwa juu ya mti na helmeti ya njano, mnaandika "hongera kaka, na sisi tunakuja." Njooni. Lakini msije kwa haraka ya kumiliki kitu chenye injini. Chukueni malipo ya awali, nusu, kabla ya mguu kugusa shina. Andikianeni na mteja hata kwenye karatasi ya daftari nani atalipa kikiharibika kitu. Mkiogopa, semeni mnaogopa. Mteja akicheka, mwacheni acheke, mshuke. Na hesabu, narudia, pigeni mkiwa chini. Yule mtoto wa Magomeni sasa anasoma shule, namwona akipita na begi lake, na kila nikimwona narudi kuzunguka mti wa siku hiyo mara ya tatu.

Kijana wa Nachingwea, Jumamosi ijayo nina misufi miwili Mikindani, mmoja umeegemea paa la makuti. Panda basi la Ijumaa, utalala kwangu. Njoo na suruali ngumu na viatu vya kufunga. Laki sita iache kwa mama. Utashika kamba chini pamoja na mpwa wangu yule wa viganja, yeye ndiye msimamizi wa kamba siku hizi, na akisema achia, achia.